Mbio za Baiskeli za Mwanzo wa Msimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mashabiki wa Kigoma

Tour de France ya Julai karibu kila mtu ameisikia. Ukurasa huu ni wa miezi inayoitangulia, Januari hadi Aprili, wakati mbio za hatua za wiki moja (siku kadhaa, kila siku na safari yake, ndiyo hatua) zinapofuatana kutoka Australia hadi Uarabuni, Rwanda, Ufaransa, Italia na Hispania. Wanaouliza wengi ni mashabiki wa mpira wa Kigoma Mjini, Ujiji na Kasulu ambao wameona kipande cha mbio kwenye simu ya mtu wakataka kujua zaidi. Nimejibu kama shabiki.

Kwa nini nianze na mbio hizi ndogo badala ya kusubiri Tour de France?

Kwa sababu ndizo zitakazokufundisha kuitazama Tour de France. Tour ina hatua 21. Mgeni akiingia katikati hupotea, na akipotea siku mbili harudi tena. Mbio za mwanzo wa msimu ni siku tano hadi nane. Ndani ya wiki moja unaona tambarare, unaona mlima, pengine unaona na mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, halafu siku ya mwisho mshindi anapatikana na unalala ukiwa umeelewa hadithi nzima.

Sababu ya pili ninaipenda zaidi: huku ndiko majina ya kesho yanakoonekana kwanza. Januari 2019 kijana wa Asmara mwenye miaka 18, Biniam Girmay, alishinda hatua ya La Tropicale Amissa Bongo kule Gabon mbele ya Mjerumani André Greipel, mtu aliyekuwa na ushindi wa hatua 11 za Tour de France. Waliofuatilia mbio zile walikuwa wachache. Mwaka 2022 Girmay huyo huyo alishinda Gent-Wevelgem, mbio za siku moja za Ubelgiji, na hatua ya Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, na mwaka 2024 akachukua hatua tatu za Tour de France pamoja na jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi. Daniel Teklehaimanot, Mweritrea mwingine, alishinda Tour du Rwanda mwaka 2010. Miaka mitano baadaye akavaa jezi ya mfalme wa milima, ya anayeongoza kwa kupanda, kwenye Tour de France, Mwafrika wa kwanza kuivaa. Mwingereza Joe Blackmore alishinda Rwanda Februari 2024, na kabla mwaka haujaisha akawa ameshinda pia Tour de l'Avenir, mashindano makubwa ya vijana. Ukifuata Februari, Julai hutauliza "huyu ametokea wapi?"

Mbio zenyewe ni zipi, na zinafuatana vipi?

Mlango hufunguliwa na Tour Down Under, Januari, mjini Adelaide na vitongoji vyake. Australia ni kiangazi wakati huo. Baadaye msafara unahamia Uarabuni: AlUla Tour ya Saudia, Tour of Oman, na UAE Tour ya Umoja wa Falme za Kiarabu, ambayo ndiyo yenye hadhi ya juu kati ya hizo tatu. Februari hiyo hiyo kuna Volta ao Algarve ya Ureno na mbio kadhaa fupi za Hispania na kusini mwa Ufaransa. Mwisho wa Februari ni zamu ya Tour du Rwanda.

Machi ndipo mambo yanapokuwa mazito. Paris-Nice, iliyoanza mwaka 1933, na Tirreno-Adriatico ya Italia, iliyoanza mwaka 1966, hufanyika karibu wiki ile ile. Baada yake inakuja Volta a Catalunya, mkongwe wa mwaka 1911, na Aprili inafunga Itzulia kwenye milima ya Basque, kaskazini mwa Hispania.

Ukikuta alama kama 2.1 au 2.Pro pembeni ya jina la mbio, tarakimu 2 maana yake ni mbio za hatua. 1 ni mbio za siku moja. Kinachofuata ni daraja. Tour du Rwanda ni 2.1. Juu kabisa kuna WorldTour.

Kwa saa zetu zinaonyeshwa saa ngapi?

Hapa ndipo sisi tuna bahati kuliko mashabiki wengi duniani.

Tour Down Under ndiyo pekee yenye usumbufu. Adelaide wakati huo iko mbele yetu kwa saa saba na nusu, kwa hiyo hatua huanza tukiwa tumelala, lakini mwisho wake mara nyingi huangukia kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi. Unamaliza na chai. UAE na Oman ziko mbele yetu kwa saa moja tu, na mwisho ni alasiri. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja: wakisema kuanza saa 4 asubuhi, kwetu ni saa 5.

Paris-Nice na Tirreno ziko nyuma kwa saa mbili, kwa hiyo kilomita za mwisho hufika kati ya saa 11 na saa 12:30 jioni. Kwa kuwa Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, jua saa hizo bado liko juu ya ziwa. Dar es Salaam wanakaribia kuwasha taa. Mtu anafunga duka Mwanga, anakaa, anaona kilomita 30 za mwisho kabla ya giza.

Angalia tu Jumapili ya mwisho ya Machi. Ulaya husogeza saa mbele siku hiyo, na tofauti yetu inapungua kutoka saa mbili hadi moja. Siku ya mwisho ya Volta a Catalunya mara nyingi huangukia hapo hapo, na kila mwaka kuna watu wanaowasha simu wakakuta jukwaa la zawadi limeshafunguliwa.

Sielewi. Aliyeshinda leo mbona siye aliyevaa jezi ya kiongozi?

Ni kwa sababu kuna mashindano mawili kwa wakati mmoja. Moja ni la leo: nani wa kwanza kuvuka mstari. La pili ni la wiki nzima: muda wa kila mtu wa kila siku unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye kiongozi. Kundi likifika pamoja bila pengo, wote wanaandikiwa muda mmoja, hata kama ni watu 120. Ndiyo maana mkimbizaji wa tambarare anaweza kushinda hatua tatu na bado asiwe hata katika 50 bora.

Mfano mzuri kuliko yote ni Richie Porte. Karibu na Adelaide kuna kilima kinaitwa Willunga, na Porte alishinda hatua ya pale miaka sita mfululizo, 2014 hadi 2019. Tour Down Under yenyewe ameishinda mara mbili tu, 2017 na 2020. Mwaka 2018 alimaliza akiwa na muda sawasawa kabisa na Daryl Impey wa Afrika Kusini, hata sekunde moja haikuwatenganisha. Ikabidi waangalie nafasi walizomaliza kila siku, na Impey akapewa ushindi kwa sababu alikuwa akimaliza karibu na mbele karibu kila hatua.

Kumbuka pia sekunde za zawadi. Mara nyingi wa kwanza kwenye mstari hupunguziwa sekunde 10, wa pili 6, wa tatu 4, na kuna nyingine chache njiani. Kwenye Tour de France sekunde hizo ni nyongeza tu. Kwenye mbio za siku sita au saba ndizo zinazoamua, na ndiyo maana utaona kiongozi anagombania mstari wa katikati ya safari kana kwamba ni wa mwisho.

Kwa nini wanaenda kundi moja saa nzima bila mtu kukimbia?

Upepo. Simama barabara ya Kasulu asubuhi uangalie wanaoleta mawese mjini kwa baiskeli, madumu mawili kwenye keria na moja juu. Upepo ukiwa wa mbele hawaendi sambamba wakipiga soga. Mmoja anatangulia, mwingine anamfuata tairi kwa tairi, akichoka wa mbele wanabadilishana. Hakuna aliyewafundisha, mapaja ndiyo yamewafundisha. Wataalamu wa Ulaya wanafanya hilo hilo kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, na kwa mwendo huo anayejificha nyuma huokoa karibu theluthi ya nguvu zake.

Kwa hiyo watu wanne wakichomoka asubuhi, kundi kubwa haliwafuati kwa pupa. Linawaachia dakika tatu au nne, linaweka watu wawili mbele wa kuvuta, na linawakamata kilomita 10 kabla ya mwisho. Siku chache kwa mwaka hesabu hiyo inakosewa, wale wanne wanafika, na hiyo ndiyo siku utakayoikumbuka.

Upepo wa ubavuni ni hatari zaidi. Hapo hakuna nafasi nyuma ya mtu. Inabidi wakae mshazari kuivuka barabara, na barabara ikijaa, waliobaki pembeni wanaachwa. Timu yenye akili inangoja mahali barabara inapopinda kuingia ubavu wa upepo, halafu inakanyaga kwa pamoja. Ndani ya dakika mbili kundi limekatika vipande vitatu, na mtu aliyekuwa anapigiwa upatu kushinda anaweza kuwa kwenye kipande cha mwisho. Hutokea kwenye jangwa la UAE na kwenye mashamba ya kusini mwa Paris siku mbili za kwanza za Paris-Nice. Mgeni huziruka siku hizo akidhani ni za tambarare tu. Usiziruke.

Jezi za viongozi zina rangi gani?

Njano kwa Paris-Nice, Itzulia na Tour du Rwanda. Bluu kwa Tirreno. Nyekundu kwa UAE Tour. Tour Down Under wanatumia rangi ya udongo mwekundu wa kwao, na Catalunya ni nyeupe yenye mistari ya kijani.

Paris-Nice na Tirreno-Adriatico zinagongana. Nifuate ipi?

Paris-Nice, bila kusita, kama una bando la moja tu.

Wanaiita mbio za kulifuata jua, kwa sababu inaanza kwenye baridi ya kaskazini na kuishia ufukweni mwa Bahari ya Kati. Inachanganya kila kitu: upepo, mbio za timu dhidi ya saa, milima, halafu siku ya mwisho hatua fupi kwenye vilima vinavyoizunguka Nice, ambako lolote linaweza kutokea. Mwaka 2021 Primož Roglič aliingia siku ya mwisho akiwa kiongozi, ameshashinda hatua tatu. Akaanguka mara mbili. Alionekana peke yake barabarani, bukta imechanika ubavuni, akilifukuza kundi ambalo halikumngoja, na ushindi ukaenda kwa Maximilian Schachmann. Mwaka 2024 Matteo Jorgenson naye aliuchukua uongozi siku ile ile ya mwisho, na mwaka uliofuata akarudi kuutetea. Rekodi ni ya Sean Kelly wa Ireland, aliyeshinda mara saba mfululizo, 1982 hadi 1988.

Tirreno ni tulivu zaidi. Inatoka bahari ya magharibi ya Italia kwenda ya mashariki, na wengi huitumia kujiandaa na Milano-Sanremo, mbio za siku moja za Italia, inayofanyika siku chache baadaye. Mshindi hupewa mkuki wa meno matatu. Waliowahi kuishinda karibuni si watu wa kubeza: Tadej Pogačar 2021 na 2022, Roglič 2023, Jonas Vingegaard 2024, Juan Ayuso 2025. Lakini siku yenye mlima mkubwa kwa kawaida ni moja, na hiyo unaweza kuitazama peke yake.

Ni kweli wakubwa wanakuja kunyoosha miguu tu, hawashindani?

Zamani ilikuwa na ukweli. Sasa hapana. Tadej Pogačar alifungua mwaka 2025 kwenye UAE Tour na kushinda hatua zote mbili za kumalizia mlimani, Jebel Jais na Jebel Hafeet, pamoja na jumla. Mtu huyo huyo Julai alishinda Tour de France, na Septemba akashinda ubingwa wa dunia mjini Kigali. Timu yake inafadhiliwa na nchi yenye mbio, haiwezi kwenda kule kutalii.

Lakini usimhukumu mtu kwa Februari. Wapo wanaopanga kufikia kilele Mei au Julai, na utawaona wanaachwa mlimani bila wasiwasi. Dalili ya kuangalia si nafasi aliyomaliza. Angalia kama ameachwa akiwa amekaa na kupumua taratibu, au ameachwa akiyumba.

Hatua inaweza kufutwa kwa sababu ya hali ya hewa?

Inaweza, na Machi si ajabu. Paris-Nice ya 2016 ilipoteza hatua ya Mont Brouilly kwa theluji. Mwaka 2023 hatua nyingine ilifutwa kwa upepo mkali. Mwaka 2025 mvua ya mawe iliwasimamisha katikati ya njia, wakaendelea baadaye. UAE Tour ya 2020 ilikatishwa kabla ya siku mbili za mwisho kwa sababu ya korona, na Adam Yates, aliyekuwa anaongoza, akatangazwa mshindi. Muda uliokwisha kupatikana siku zilizotangulia haupotei.

Nitazitazama wapi bila kumaliza bando?

Usijaribu kutazama saa nne zote. Fungua tovuti ya mbio au ProCyclingStats, tovuti ya takwimu za baiskeli, fuatilia kwa maandishi. Maandishi hayali kitu. Wakibakiza kilomita 30 ndipo uwashe picha. Tukiwa wengi tunaungana kwenye simu moja yenye bando au tunamwomba mwenye kibanda umiza aweke, ila siku yenye mechi ya Simba au Yanga usipoteze muda wako kuomba.

Kwa Tour du Rwanda tuna njia ambayo mtu wa Morogoro hana. Shirika la utangazaji la Rwanda huitangaza kwa Kinyarwanda kwenye televisheni na redio, na aliyekua akisikia Kiha nyumbani anafuata matangazo yale bila mkalimani, kwa kuwa Kiha, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za ukoo mmoja na watu wake huelewana. Wazee wa Kasulu ambao hawajawahi kuona mbio za Ulaya hukaa na redio, na mtangazaji anapopandisha sauti kwenye mlima, wanajua ni nani kachomoka na nani kabaki.

Kabla ya mbio pakua orodha ya washiriki yenye namba za mgongoni. Namba inayoishia na 1, kama 11, 21 au 31, mara nyingi ni ya kiongozi wa timu. Ukiwa na orodha hiyo hata picha ikikwama unajua nani yuko wapi.

Nataka kwenda Rwanda kuona kwa macho. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na sijui zawadi kubwa zaidi ambayo shabiki wa mkoa huu anaweza kujipa. Kutazama ni bure. Uwanja ni barabara yenyewe. Kutoka Kigoma unapita Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, kisha Rusumo. Beba pasipoti. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku huko kama kwetu. Ukivuka Rusumo, magari yanahamia kulia, kwa hiyo ukitaka kuvuka barabara anza kuangalia kushoto.

Chagua mlima. Kwenye tambarare kundi linakupita kwa sekunde 15 na umebaki na vumbi. Mjini Kigali nenda Kwa Mutwe, kilima cha mawe chenye urefu wa mita 400 tu lakini mwinuko wake ni kama asilimia 11. Fika mapema, kwa sababu barabara hufungwa saa kadhaa kabla. Yanatangulia magari ya matangazo yenye muziki, halafu pikipiki za polisi, halafu kwa sekunde chache kimya cha ajabu, kisha unamwona wa kwanza anakuja akiwa amesimama kwenye pedali, mdomo wazi, jasho linadondoka kwenye fremu. Yuko umbali wa mkono kutoka kwako. Unasikia cheni yake. Usimguse, usimkimbilie, usimmwagie maji asiyoomba.

Na usiondoke wakipita wa mbele. Baki mpaka gari la mwisho. Wa nyuma kabisa nao wana vita yao: kila hatua ina kikomo cha muda, na anayekizidi hapangiwi kuanza kesho. Kuna vijana wanapanda kilima kile kwa nguvu za kuazima ili tu waruhusiwe kurudi asubuhi. Washangilie hao kwa sauti kuliko wote.

Mbona Rwanda na Eritrea wako mbele yetu, na sisi baiskeli tunazo nyingi?

Hili linaulizwa kwa uchungu, na ninaujua uchungu huo. Miguu tunayo. Anayetoka kijijini na kilo 60 za mawese na kuzifikisha sokoni kabla jua halijawa kali ana moyo na mapafu ambayo kocha yeyote angeyataka. Tunachokosa ni mbio zinazofanyika kila mwaka bila kukosa. Tour du Rwanda iliasisiwa mwaka 1988. Ilianza ya kawaida, ikaingia kalenda ya kimataifa mwaka 2009, ikapanda daraja 2019. Katikati yake walijenga timu ya taifa, Adrien Niyonshuti akafika Olimpiki ya London 2012, na kijana wa kijijini akajua kwamba mwaka ujao kuna mahali pa kupimwa. Valens Ndayisenga alishinda mara mbili, 2014 na 2016, Joseph Areruya 2017. Hata Chris Froome, mshindi mara nne wa Tour de France, alizaliwa Nairobi na kuanza kuendesha Kenya. Halmashauri moja ikiamua kufunga barabara siku moja kila mwaka, tarehe ile ile, hiyo ni hatua ya kwanza. Kigoma hadi Manyovu ina vilima vya kutosha.

Wanawake wana mbio za mwanzo wa msimu?

Wanazo: Tour Down Under ya wanawake Januari na UAE Tour ya wanawake Februari, iliyoanza 2023. Elisa Longo Borghini wa Italia ameshinda ya 2023 na ya 2025, na Lotte Kopecky wa Ubelgiji ya 2024. Mfuatilie pia Kimberley Le Court wa Mauritius. Mwaka 2025 alishinda Liège-Bastogne-Liège, mbio za siku moja za Ubelgiji, na baadaye akavaa jezi ya njano ya Tour de France ya wanawake.

Baiskeli zao zina uzito gani?

Sheria hairuhusu chini ya kilo 6.8. Phoenix ya kawaida ya hapa inakaribia kilo 20 kabla hujapakia kitu.

Na dawa za kuongeza nguvu?

Zilikuwepo na ziliuumiza mchezo huu. Mmarekani Lance Armstrong alinyang'anywa mataji yake saba ya Tour de France mwaka 2012. Tangu 2008 kila mwendeshaji wa ngazi ya juu ana kumbukumbu za damu zinazofuatiliwa mwaka mzima, msimu wa mapumziko ukiwemo. Shabiki ana haki ya kuwa macho. Hana haki ya kumwita kila mshindi mwizi.

Mwanzo wa msimu unaisha lini?

Kwangu mimi unaisha siku Itzulia inapopata mshindi, Aprili. Wiki zinazofuata ni za mbio za siku moja za Ubelgiji na majirani zake, na Mei inaanza Giro d'Italia. Hiyo ni wiki tatu, kwa hiyo anza kuweka akiba ya bando mapema.